Mshale Uliofutwa

Msimu wa kuwinda kwa upinde na mishale ulipoanza, simu ya Lorraine Drexler haikupoa. Mshahara wake ulitoka kiwanda cha jibini, lakini wilaya nzima ilimjua kwa mbwa wake Hilde, mfupi wa miguu, mrefu wa mgongo, mwenye pua isiyodanganyika. Mtu akimjeruhi kulungu kisha akampoteza msituni, alimpigia Lorraine, naye akaja na Hilde kwenye kamba ndefu, wakamfuatilia mnyama mpaka apatikane au mpaka mbwa mwenyewe akate tamaa. Swali lake la kwanza kwa kila mwindaji lilikuwa lilelile: ulisimama wapi? La pili, mshale uko wapi? Mambo ya ukubwa wa pembe hakuyauliza, na aliyeanza kuyasimulia alikatizwa.

Waongo aliwachukia kupita kiasi. Nao walikuwa wengi, maana mwanamume aliyempiga kulungu tumboni huona aibu, akasema amepiga kifua. Kumbe ni hapo hasa ukweli unapohitajika. Wa kifuani hufa upesi, tena karibu. Wa tumboni hujilaza kwenye kichaka cha kwanza, na ukimwacha kutwa nzima bila kumsogelea utamkuta palepale, amekwisha. Ukimwendea mapema anainuka, anakwenda mbali na damu hadondoshi tena, na huko anakokwenda anakufa taratibu mno. Kazi yote ni kukaa kitako na kungoja, na hilo ndilo linalowashinda wengi.

Haya alifundishwa na baba yake, Alvin. Katika nyumba ya Alvin uongo kuhusu mshale ulikuwa kosa kubwa kuliko wizi, na Lorraine alikua akiamini kwamba hapakuwa na mwindaji mkweli zaidi chini ya jua. Sasa mzee alikuwa ameingia miaka ya themanini na mikono ilianza kutetemeka. Kila mwaka alilegeza upinde wake kidogo ili aweze kuuvuta. Wenzake walikwishahamia ule upinde wa kufyatua kwa kidole, usiohitaji kuvutwa na kushikiliwa. Yeye aliuita bunduki inayoona haya. Lorraine alikuwa amemsihi autundike wa zamani ukutani, naye akajibu kwamba siku atakayomjeruhi mnyama na kumpoteza atautundika mwenyewe, asisubiri kuambiwa. Kwa kuwa hajawahi, yakaishia hapo.

Basi asubuhi ile ya Oktoba baba alipopiga simu, Lorraine alifurahi. Mzee alisema amempiga kulungu jike kifuani, safi kabisa, ila macho yake hayaoni damu kwenye majani mekundu ya mwaloni.

Alimkuta ameketi nyuma ya gari lake, kofia magotini. Akamuuliza alisimama wapi, akaonyeshwa. Akaomba mshale. Ulikuwa unang'aa kama umetoka dukani. Lorraine akausogeza puani upande wa manyoya, yale ya bata mzinga ambayo Alvin huyagandisha mwenyewe kwa gundi, akapata harufu chachu ya tumbo. Katikati ya nyoya na nyoya palikuwa na chembe ya kijani, majani yaliyotafunwa.

"Baba, umeufuta huu."

"Umepita kwenye majani, yameufuta."

"Majani hayana leso."

Mzee akatazama pembeni. Lorraine akamuuliza kama amemfuata mnyama. Akasema hapana, hajasogea hapo. Alilisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kumfundisha, na Lorraine akaishika sauti hiyo, akaamini. Akasema basi watangoja mpaka alasiri.

Kwa kuwa kichaka alichokimbilia jike kilielekea kwenye bwawa la matete la jirani yao, Duane Kobs, alitumia muda huo kwenda kuomba ruhusa ya kuingia, na Alvin akamfuata shingo upande. Duane alikuwa akitengeneza uzio. Alimtazama mzee, kisha binti, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Ruhusa ya nini tena, Lorraine? Mzee wako alishaingia bila hodi. Kulungu alipita hapa jua linachomoza, utumbo nje, na yeye nyuma yake kama anakimbiza kuku."

Alvin alikuwa anatazama buti zake, na zilikuwa na tope jeusi la bwawani mpaka juu ya vifundo. Lorraine alikuwa ameliona tangu alipofika, ila hakutaka kuliona.

Alasiri Hilde alivuta kamba moja kwa moja mpaka ndani ya matete. Kunguru ndio waliotangulia kuonekana. Jike alikuwa amelala tope limemfika kifuani, kichwa kimeinuka, anawatazama. Mbweha walikuwa wamekwishaanza kumla upande wa nyuma, naye alikuwa hai. Lorraine alikuwa ameona mengi katika kazi hii, lakini si haya; akaifupisha kamba ya Hilde.

Mwenye kujeruhi ndiye anayemaliza. Hiyo pia ilikuwa sheria ya Alvin. Mzee akaweka mshale upindeni, akavuta. Mikono ikafika katikati, ikarudi. Akavuta tena, ikarudi. Kulungu hakuondoa macho. Lorraine akauchukua upinde mkononi mwa baba yake, na ulikuwa umelegezwa mno kiasi kwamba aliona aibu kwa niaba yake. Akasogea karibu sana, akapiga.

Nyama ilikuwa imeharibika yote. Hata hivyo Alvin alitoa kibali chake cha msimu, cha kulungu mmoja tu, akakifunga mguuni mwa mnyama asiyelika. Kisha Lorraine akavunja kitawi cha msonobari, akakichovya kwenye damu, akamnyooshea. Kwa watu wao wa asili ya Kijerumani mwindaji hukipachika kofiani kama heshima ya windo, akammegea mbwa kipande kwa ajili ya ukanda wa shingo. Alvin alikipokea, akachuchumaa kwa shida, akakichomeka chote shingoni mwa Hilde. Hakubakiza hata sindano moja ya jani.

"Yule wa mwaka jana," alisema akiwa bado amechuchumaa, "niliyekwambia nimemkosa. Sikumkosa."

Mwaka mzima Lorraine alikuwa akiwaambia wawindaji wenye haya wajifunze kwa baba yake, mtu anayekosa na kusema nimekosa.

"Ulimpiga wapi?"

"Hapohapo, tumboni. Nilimtafuta peke yangu siku mbili. Niliogopa ukija utautundika upinde wangu."

Angeweza kumwambia mengi. Alikuwa na hasira, na alikuwa na huruma, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa. Damu ya mwaka mzima haina harufu kwa mbwa yeyote. Labda palibaki mifupa tu, chini ya majani yaliyopukutika misimu miwili.

Akautia upinde begani mwake mwenyewe, akamshika baba yake mkono akamwinua, akakunja kamba ya Hilde.

"Ulisimama wapi siku ile?" akamuuliza.

Mzee akaelekeza kidole upande wa kilima, wakaenda.