Baka la mkononi mwa mama

Cherehani yangu iko Mwanga, mkabala na duka la dawa, kwa hiyo wateja wa ngozi nawajua kwa kuwatazama tu. Wavuvi huja na fangasi za vidole. Wanafunzi huja na chunusi, wameinamisha nyuso. Mabinti walioungua kwa mkorogo wa kujichubua hujifunika mtandio hadi machoni. Hospitali wanaiogopa kwa foleni, na wengi wanaona aibu kumvulia daktari nguo kwa ajili ya upele. Mfamasia, mama mmoja mpole, huwaangalia, huwauliza, huwapa dawa ya kupaka, maisha yanaendelea.

Nami ndivyo nilivyofikiri siku mama yangu aliposhuka kwenye boti kutoka kijijini kwetu Mwamgongo, akiwa na baka jeupe mkononi. Alikuwa amelipaka kila aina ya dawa.

"Ni fangasi tu," aliniambia. "Nipeleke nipate krimu ya mjini, nirudi kwa dagaa wangu."

Mfamasia alilitazama lile baka, kisha akaona jeraha la moto kidoleni.

"Hapa uliungua lini, mama?"

"Sijui. Nilikuja kuona malengelenge tu."

Mfamasia alitupeleka chumba cha nyuma, akafunga pazia, akachana kipande cha pamba.

"Funga macho. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Akamgusa shavuni. "Ndiyo." Begani. "Ndiyo." Akagusa katikati ya baka. Mama kimya. Akarudia. Mama alikuwa ametulia, macho kafumba, anasubiri kuguswa. Nilitaka kupiga kelele, nimwambie, mama, anakugusa!

"Mbona umeacha?" mama akauliza.

Mfamasia aliweka pamba chini. "Mama, krimu sitakuuzia. Baka lisilo na hisia halitibiwi dukani. Nahofia ukoma, lakini wa kuthibitisha ni hospitali. Ukoma una dawa, na mtu hupona. Ila nendeni leo."

Mama alivuta kitenge akaufunika mkono. Akanigeukia, sauti imeshuka, "Nirudishe botini. Nyumbani wakisikia, nani atanunua dagaa wangu?"

Alishatoka nje. Nilimkimbilia, nikamshika mkono uleule wenye baka, mbele ya watu, nikamwambia sitauachia. Alijaribu kujitoa. Tulivutana pale barabarani mpaka akaanza kulia, na nilipoita bodaboda akapanda.

Hospitali walithibitisha. Kisha muuguzi akanigeukia, "Wewe ni wa familia, lazima nawe tukupime." Nikafumba macho. Kati ya mguso na mguso niliona kama mwaka umepita, nikijiuliza kama kaacha au mimi ndiye sisikii. Nilikuwa nasikia. Nilikuwa mzima.

Mama alikaa kwangu mpaka akamaliza dawa, za bure. Baka lilififia, kidonda kikapona, ingawa kidole kimoja kimebaki na ganzi. Alipokuwa karibu kurudi Mwamgongo, jirani yake mmoja wa huko kijijini alikuja kumsalimia. Nilidhani atamficha. Akamkalisha, akakunja mkono wa gauni, akasema, "Nilikuwa na ukoma. Nimetibiwa. Onyesha mgongo wako, lile doa nalikumbuka."

Jirani akatazama mlango. Kisha akaanza kufungua vifungo.