Mafuta ya Cherehani

Kwetu Handeni kila kinacholia hupakwa mafuta ya cherehani: bawaba za mlango, baiskeli, mkasi, hata redio ya bibi iliwahi kupata tone lake. Mama ni fundi nguo. Tangu baba afariki, kila Jumamosi akimaliza kupaka cherehani yake, aliteremsha kamera ya baba kutoka kabatini akaidondoshea nayo mafuta kidogo isishike kutu. Baba aliitumia kupiga picha za harusi Korogwe nzima, na mama aliona hiyo ndiyo heshima iliyobaki kumpa.

Nilitoka Masuguru, ninakoishi, na filamu mpya ili nimpige mama picha. Za simu hazitaki, anasema hazishikiki mkononi. Kabla ya kuweka filamu nikajaribu kubonyeza. Kimya. Nikachungulia ndani ya lenzi: vibati vyembamba vinavyofunguka na kujifunga vilikuwa vimegandana kwa mafuta. Nikamwambia hapo hapo. Mdomo wangu huu haujui kusubiri.

Mama akaketi. "Basi nimemuulia mwenzangu kamera yake," akasema, na chai yake hakuigusa tena.

Niliogopa kweli. Mimi si fundi kamera, nilimwona tu baba akiisafisha kwa spiriti. Nikaenda kununua spiriti duka la dawa, nikarudi. Pete ya mbele ya lenzi ikagoma. Nikaibana kwa koleo, ikateleza, nikatukana kimoyomoyo. Mama akakata kipande cha ndala yake kuukuu akanipa. Nikaukandamiza ule mpira kwenye pete, nikazungusha, ikaachia.

Nikachovya ncha ya kitambaa kwenye spiriti, nikafuta, nikabonyeza. Vibati vikafunguka nusu vikalala. Nikafuta tena, nikaacha vikauke, nikabonyeza. Mlio mfupi, mkavu. Nikarudia, nisije nikawa nimejidanganya.

Mama alikuwa amenipa mgongo, anajifanya kukunja vitambaa. Akageuka.

"Hiyo ndiyo sauti yake."

Nilishusha pumzi mpaka nikacheka peke yangu. Nikamtania kwamba aliipaka mafuta kama chapati, naye akanitupia kile kipande cha ndala. Kisha akaenda kuoga, akavaa gauni lake la kitenge, akaketi nyuma ya cherehani. Nikairudisha pete, nikaweka filamu, nikainua kamera.

"Piga mbili," akasema. "Ya kwanza nitakuwa nalia."