Vifuniko Saba vya Soda

Majina ya watu wa laini yetu yote ninayo kichwani, nyumba kwa nyumba, kuanzia mferejini hadi kwenye ua wa michongoma. Hapa sitayaandika. Wengine wana wajukuu wanaosoma, na haya ni mambo ya nyumbani.

Tuseme tu kulikuwa na mzee. Alifanya kazi ya reli mpaka masikio yakachoka, na alipostaafu akawa msomaji wa barua wa laini nzima. Ukipata barua unampelekea kwenye benchi lake nje ya mlango, anavaa miwani, anakohoa, anasoma. Kwa kuwa hakusikia vizuri, alisoma kwa sauti ya mtu anayeita treni. Wanawake mferejini walifunga maji ili wasipitwe. Hakuna aliyeona vibaya; ndivyo barua zilivyosomwa kwetu. Mimi mwenyewe nilimpelekea ya mume wangu, aliyekuwa kazini mbali, maana mwandiko wake ulishikana kama uzi uliotatizika.

"Nimekuota," mzee akanguruma, "umevaa lile gauni la kijani!"

Tangu siku hiyo nikaitwa Gauni la Kijani.

Nilicheka nao. Lakini binti yangu wa pili alipoitwa shule ya bweni, miaka ya sabini ikielekea kuisha, sikucheka. Shule ilikuwa mbali, upande jua linakozama, na barua za nyumbani ziliandikwa kwa Kiingereza, mwalimu akizisoma kwanza. Mimi niliishia darasa la pili. Herufi nilizijua, Kiswahili nilisoma polepole, Kiingereza hapana. Nikawaza: mtoto wa miaka kumi na tatu atalia huko, ataniandikia, na kilio chake kitatangazwa kwenye benchi.

"Nifundishe," nikamwambia. "Tuna mwezi mmoja, mama."

Nilimwita mama kwa sababu alipewa jina la mama yangu. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni mama yako amerudi. Naye alishazoea.

"Sawa, mwanangu," akajibu. "Lakini usinisumbue darasani."

Aliokota vifuniko saba vya soda nje ya duka, akaviosha, akaandika herufi ndani yake kwa rangi ya kucha: A, E, I, N, R, S, T. Nilimwuliza mbona saba tu, na Kiingereza ni kikubwa hivyo. Akasema vinatosha, nitavizungusha.

Tulikaa kwenye ngazi ya mlango saa za mchana, nguo zikiwa kwenye kamba. Aliweka vifuniko vitatu. Tea, chai. Akavisogeza kwa kidole, ikawa eat, kula. Akavisogeza tena, ate, alikula.

"Na ile chai imekwenda wapi?"

"Imo humo humo, mwanangu. Imelala."

Basi nikaanza kuona vitu vimelala ndani ya vitu. Akaongeza S, kikawa seat, kiti. Vifuniko vikahama, ikawa east, mashariki, yaani sisi, upande huu wa mji. "Huko shuleni nitatafuta upande huu," alisema, "niwe natazama nyumbani." R ikaingia, yakawa tears, machozi. Tukayavunja upesi, tukaweka rest, kupumzika. Net, wavu, ukigeuzwa unakuwa ten, kumi. Siku moja vifuniko vilianguka ndani ya beseni la nguo, nikaviacha. Herufi nyekundu zilicheza chini ya povu, zikikaribiana na kuachana, na mashuka kwenye kamba yalikuwa yakivuta pumzi, na sijui nilikaa pale muda gani, mikono majini, nikiona rain, mvua, inataka kuwa kitu kingine. Hata nikikoroga uji nilikuwa nikigeuza.

Vijana wakipita walinitania, "Sasa, ngumbaru!" Hilo ndilo jina tulilowapa watu wazima wanaoanza shule. Binti yangu aliwafokea, "Nyamazeni, mwanangu anasoma!"

Januari akaenda na sanduku lake la bati. Vifuniko akaniachia, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia.

"Barua ikija, miwani iko tayari, Gauni," mzee aliniambia.

Ilikuja baada ya wiki kadhaa, na kabla sijaifungua laini nzima ilishajua. Mzee alikuwa amekwisha kukohoa.

"Lete."

"Leo nitasoma mwenyewe, mzee."

Mferejini maji yakafungwa.

"Wewe? Kiingereza?" akauliza mmoja. "Haya, soma kwa sauti basi, tusikie!"

"Nasoma kimya."

Wakapiga vicheko. Mzee akavua miwani, akaitia mfukoni. "Mwacheni," akasema.

Nilikaa kwenye ngazi, mkebe magotini. Mistari mitano tu, herufi kubwa zisizoshikana. Kila neno nililipanga kwa vifuniko kwanza, nikaligusa kwa kidole, nikangoja liliamshe lile lililolala ndani yake. I eat. Anakula. I rest. Anapumzika. It rains. Kunanyesha. Nilifika mstari wa nne ndipo nikagundua kwamba hakuna herufi hata moja ambayo haikuwa ndani ya mkebe wangu. In rain, tears. I sit in an east seat.

Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kitu kwa kalamu nyekundu, kirefu na cha ukali. Herufi zake nyingi sikuwa nazo. Sikujisumbua nacho.

Mvua ikinyesha, analia. Kiti chake kiko upande wa kwetu. Nilivipanga vile vifuniko tena na tena, machozi, kupumzika, machozi, kupumzika, na jua lilikuwa limehama mpaka ukuta wa pili, na mtoto wangu alikuwa amekaa karibu nami kabisa, ananitazama.

"Haya, Gauni, anasemaje?" wakaita kutoka mferejini.

"Anakula vizuri," nikasema. "Na huko kunanyesha."

Mzee aliinua shingo. "Amesema nini?"

"Anakula vizuri! Kunanyesha!"

"ANAKULA VIZURI!" mzee akatangaza, akiwageukia wote. "KUNANYESHA!"

Wakaridhika. Maji yakafunguliwa. Mimi nikakunja karatasi ile ndogo sana, nikaitia mkebeni chini ya vifuniko.