Jarida la Mapishi na Safari

Juzi, saluni mjini Tabora, nilikuta jarida la mapishi na safari, likanirudisha utotoni, nyumbani Usoke, kwenye harufu ya tumbaku inayokaushwa. Mama alikuwa kitandani, siku ya nne hajameza hata uji. Mimi nilidhani hajapata tu chakula anachokipenda, nikamsomea jarida lililoachwa na abiria wa treni. Pilau? Akatikisa kichwa. Samaki wa nazi? Akafumba macho. Nikazidi kufunua kurasa huku nikilia.

“Mama, chagua basi hata kimoja!”

Mapishi yakaisha, zikaanza safari: ziwa, milima, watu wenye mabegi. Mama akafumbua macho.

“Hapo sasa, mwanangu. Soma polepole.”

Nikafuta machozi, nikasoma kwa sauti, nikifurahi kwamba hatimaye amepata anachokitaka.