Nambari ya Baba na Waliokuja Kuniposa

Baba yangu anaipenda nambari moja kupita kiasi: 142857. Mama husema ingekuwa mwanamke, yeye Mama angekwisha kuletewa mke mwenza zamani. Ukiizidisha kwa mbili unapata 285714, tarakimu zilezile, zimehama mahali tu. Kwa tatu, 428571. Kwa nne, kwa tano, kwa sita, mambo ni hayohayo, hakuna inayotoka wala ngeni inayoingia. Nimelelewa Mji wa Kale na hesabu hiyo, asubuhi na jioni, hadi ikanichosha.

Kwetu mwanamume hajiposei, wazee wake ndio huja. Baba akaivunja ada. Wote waliokuja kuniposa aliwaambia warudi na mwenye kuoa mwenyewe. Wa kwanza, mwenye duka la vitambaa, alipewa kalamu na karatasi, simu akaambiwa aiweke kando, aizidishe ile nambari kwa mbili hadi saba. Akamaliza chapuchapu. Baba akaitazama karatasi, akashukuru, akawasindikiza wageni mlangoni, na posa ikaishia hapo. Sababu hakuisema. Sikumtaka yule bwana, lakini nilikasirika vilevile.

Wa pili nilimtaka. Nasema wazi, nilimtaka hata chakula hakikupita. Ni mtu wa Rabai, karani bandarini Kilindini, tulijuana ufukoni Mama Ngina kwenye foleni ya mihogo. Siku aliyoletwa, mimi na Mama tulijibanza nyuma ya pazia la sebuleni. Nikamnong'oneza Mama kwamba Baba akimfukuza na huyu, mimi na Baba basi. Akanifinya ninyamaze.

Alihesabu polepole, kila tarakimu akiipitia. Kwenye nne nikamwona anatabasamu, ameshaujua mchezo. Alipofika saba, ambayo Baba hakuwahi kunihesabia, akasita. Akakata, akaanza upya, akakata tena, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Ya Rabi, nikasema moyoni, si uandike hizohizo tumalize!

Akaiweka kalamu chini.

"Mzee, uniwie radhi. Saba yanipa tisa tupu, tarakimu zote sita. Nimekosea mahali na sipaoni."

Baba akamweleza kwamba hakukosea. Nambari ile hutoka katika kuigawa moja kwa saba, kwa hiyo ukiizidisha kwa saba haizunguki tena, huwa 999999. Mwenye duka, kwenye saba, alikuwa ameandika zilezile sita, amezipanga vingine, hata hakujaribu kuhesabu.

Kisha Baba akaniita nitoke mbele ya wazee wa watu, jambo ambalo pia halifanywi.

"Mamangu, huyu akikosea atakwambia. Wamtaka?"

Mwari wa kwetu huulizwa akanyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa. Mama alikuwa amenishika leso kutoka nyuma ya pazia, anikumbushe.

"Namtaka, Baba," nikasema, na nadhani hata jirani walisikia.

Wazee wakatazama chini. Baba akakiinua kikombe chake cha kahawa, akakirudisha bila kunywa, akajifuta macho kwa kofia yake.