Koti Ambalo Nekoye Hakulitia Sindano

Ukiwa Kambi Muru, Kibera, na nguo ikuaibishe, utaelekezwa kwa Nekoye. Zipu imegoma, sare ya mtoto imefumuka makalioni, gauni la kwaya limekubana baada ya chapati za Krismasi: mpelekee tu. Atakusema kidogo kwanza. "Wewe, hii nguo uliivaa ama ulipigana nayo?" Halafu ataketi kwenye cherehani, mguu uanze kukanyaga, na kabla umbea wa mtaa haujakolea atakuwa amekurudishia nguo yako nzima. Mwanamke ana mdomo, lakini mkono wake una baraka.

Sasa fundi huyu huyu alikuwa na koti moja jeusi, zito, la kiume, lililopasuka kiwiko cha kushoto mpaka sponji ikawa inachungulia nje. Alilivaa kila siku ya baridi, asubuhi na jioni, na mpasuko ule hakuuziba. Wateja walimtania: "Eh, Mama Mourine, kinyozi hajinyoi?" Alicheka nao, akageuza maneno. Waliojua lilikotoka koti hawakutania.

Lilikuwa koti la Mukhwana, mdogo wake. Mukhwana alikuwa mtu wa boda, akibeba abiria kwa pikipiki, steji ya Kabiro, Kawangware. Mwezi wa saba mwaka uliopita, giza likiingia na manyunyu yakianguka, lori lilimgonga kutoka nyuma, akafia pale pale. Dereva hakukimbia, hilo apewe sifa yake. Alisimama barabarani mikono kichwani, akirudia neno moja. "Sikumwona. Jamani, mimi sikumwona." Alilirudia kituo cha polisi. Alilirudia mbele ya wazee waliotoka Bungoma kuja kuchukua mwili.

Neno hilo lilimkaa Nekoye kooni kama mwiba wa samaki. Hukumwona vipi? Mtu mzima, mrefu kama mlango, pikipiki inanguruma chini yake, na wewe una macho mawili na taa mbili! Alimchukia yule dereva kwa moyo wote, wala hakuficha. Kanisani pasta aliposema tusamehe, yeye alitazama dirishani.

Kule nyumbani Bungoma, baada ya mazishi, nguo za marehemu ziligawanywa kama desturi inavyotaka. Mashati yakapata wenyewe, viatu vikapata miguu. Koti likabaki kwenye mkeka, kila mtu analipita kwa macho. Ni nani atataka koti lililotoka barabarani? Nekoye aliinama, akalichukua, akalivaa pale pale kwenye jua la mchana. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Aliporudi Nairobi alilitazama lile tundu la kiwiko, akashika sindano, mkono ukakataa. Lile tundu ndilo jambo la mwisho lililompata Mukhwana. Ukiliziba, unaziba nini?

Basi ujue pia kwamba mume wake, Boaz, ni mtu wa boda. Steji ile ile ya Kabiro, barabara zile zile. Wanaishi huko huko Kabiro na binti yao Mourine. Asubuhi Boaz humpeleka mkewe Kambi Muru, jioni humrudisha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Nekoye alishtuka kila siku. Simu ya Boaz ikikosa kushika mara moja, alipiga tena na tena.

"Baba Mourine, wachana na hii kazi."

"Niwachane nayo tukule nini? Cherehani?"

"Basi vaa reflekta."

Hapo ndipo palikuwa na kasheshe. Reflekta, ile fulana ya njano inayong'aa, Boaz alikuwa nayo. Aliikunja chini ya kiti cha pikipiki, akaitoa pale tu alipoona polisi mbele. Na alikuwa na sababu! Ilikuwa ya kampeni, imechapwa mgongoni sura ya mheshimiwa mmoja aliyeanguka kura vibaya sana. "Nitembee Kawangware nzima nimebeba mtu ameshindwa? Wasee watanicheka mpaka nihame." Jamani, wanaume. Mtu yuko tayari kugongwa na lori kuliko kuchekwa na steji.

Nekoye hakubishana zaidi. Alikwenda soko la Toi, akanunua utepe ule wa fedha unaowaka ukimulikwa na taa, akamsubiri Boaz alale mchana wa Jumapili. Akachukua koti la kazi la mumewe, akalishonea mistari mitatu mgongoni, kutoka bega hadi bega, mshono wa mara mbili, kazi safi. Kama ni nyuma ndiko kifo kinakotokea, basi nyuma kutawaka.

Jumatatu asubuhi Boaz akalitazama koti, akatikisa kichwa, lakini akalivaa. Akalivaa kama wanavyovaa watu wote wa boda Nairobi nzima wakati wa baridi: mgongo mbele. Ile sehemu isiyo na vifungo inakaa kifuani kuzuia upepo, na vifungo vinaachwa wazi huko nyuma. Nekoye akasimama mlangoni na kikombe cha chai. Mistari yake mitatu mizuri ilikuwa inamtazama usoni. Kwa nyuma mume wake alikuwa mweusi kama sufuria ya mahindi.

"Woi! Mimi ni mjinga wa aina gani?" akasema, akacheka mpaka chai ikamwagika. Ameolewa na boda miaka yote hiyo, ndugu yake alikuwa boda, naye ameshona koti kama la karani wa benki! Lakini kicheko hakikuchukua muda. Alikumbuka kwamba hivi ndivyo Mukhwana naye alivyokuwa akilivaa.

Akalishona upya. Akaweka utepe kwenye pande zote mbili za mbele, zile zinazoangukia mgongoni, akaongeza mkanda wa kuzifunga zisipepee. Sasa Boaz aling'aa mbele, aling'aa nyuma. Alipofika steji walimshangilia kama bibi harusi. Nderitu, mwenyekiti wao, mwenyeji wa Kawangware tangu enzi za babu yake, alimzunguka mara mbili.

"Niaje, Krismasi! Imefika mapema mwaka huu?"

"Cheka tu, chairman. Bibi yangu atalala usingizi."

Nderitu alicheka, naam. Ila jioni hiyo alimwona Boaz akitoka mbali, kutoka chini kabisa ya barabara, kabla hata hajaiona pikipiki. Keshoye alifika Kambi Muru mwenyewe, koti mkononi, akijifanya amepita tu kusalimia. "Mama Mourine, hii yangu utaiweza?" Baada yake wakafuata wengine, mpaka steji nzima ya Kabiro ikawa inawaka. Watu wakamsifu Nekoye, na sifa zikamwingia. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Aliamini amekifungia kifo mlango, amekaa na ufunguo.

Ikafika mwezi wa saba tena. Jioni moja Boaz alimpitia Kambi Muru kama kawaida. Manyunyu, baridi ya kukata masikio. Nekoye akavaa helmeti, akavaa koti la Mukhwana, akapanda nyuma, akamkumbatia mumewe kiunoni. Walifika barabara ya Naivasha giza likishuka, zimebaki kona chache wafike nyumbani. Boaz alipunguza mwendo kwa ajili ya shimo lililojaa maji.

Nekoye alisikia breki zikilia nyuma yao. Kisha kitu kikawasukuma, si kwa nguvu sana, nguvu ya kutosha tu. Pikipiki ikalala upande, wakaburuzika hadi kwenye majani ya kando ya mtaro. Helmeti yake iligonga jiwe, ko! Kitu cha kwanza alichofanya ni kupapasa.

"Baba Mourine!"

"Niko. Niko sawa. Ni goti tu. Wewe?"

"Niko."

Ilikuwa pikapu ya kubeba mkate. Dereva wake alishuka, mzee wa makamo na kofia ya sufu. Akaja amenyoosha mikono mbele.

"Mama, poleni, poleni sana. Haki ya Mungu sikuwaona. Niliona giza tu. Sikuwaona!"

Lo! Neno lile lile. Mwaka mzima Nekoye alikuwa amelitafutia mtu wa kumtemea usoni, na sasa Mungu amemletea mtu, amemsimamisha hapo katikati ya taa. Damu ikampanda. Na hakuwa peke yake tena. Unajua desturi ya watu wa boda: gari likimgonga mmoja wao, hawaulizi kesi. Walikwishaanza kufika, pikipiki kumi, kumi na tano, honi zinalia, Nderitu mbele yao. Wawili walikuwa wamemshika mzee kola. Mmoja akapiga kelele, "Hiyo gari ichomwe! Leteni mafuta!" Mwingine tayari alikuwa anafungua kifuniko cha tangi la pikipiki yake.

Nderitu alimwinua Nekoye. "Mama Mourine, ni huyu? Sema tu. Unasemaje?"

Wote wakamgeukia wamsikilize. Walikuwa wanajua habari ya Mukhwana. Wengi wao walilibeba jeneza lake. Mzee wa pikapu alimtazama.

Nekoye akafungua mdomo. Alitaka kusema: muongo. Alitaka kusema: hukutuona vipi, na mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nimemshonea mume wangu utepe mgongo mzima? Akageuka amwonyeshe mgongo wa Boaz. Boaz alikuwa ameinama akitazama goti lake, na taa za pikapu zilimpiga mgongoni. Utepe ukawaka, mweupe, wa kuumiza macho. Kipofu tu ndiye asingeuona.

Kisha akajitazama yeye. Koti jeusi, kuanzia shingoni hadi mapajani. Hili ndilo lililokuwa nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma, ameukumbatia mgongo ule, ameufunika wote, mistari yote, mshono wa mara mbili na kila kitu. Huyu mzee hakuona utepe kwa sababu hakukuwa na utepe wa kuona. Aliona koti la Mukhwana. Yaani hakuliona, kama vile mwenzake wa lori naye hakuliona.

Akakaa kwenye majani.

"Mwachilieni," akasema.

"Mama Mourine, ati?"

"Nimesema mwachilieni! Hakutuona. Ni kweli." Akashika mkono wa koti lake. "Na yule mwingine pia. Hakumwona Mukhwana. Alikuwa anasema ukweli, na mimi nimemlaani mwaka mzima. Rudisheni hicho kifuniko, mnataka kuchoma mtu kwa sababu ya koti langu?"

Walisimama kidogo, moto wa hasira haukuwa na pa kwenda. Nderitu akaondoa mikono ya watu kwenye kola ya mzee, mmoja mmoja. Mzee akakaa chini kando ya Nekoye, kwenye majani yale yale yaliyolowa, akalia bila aibu. Nekoye alimpa upande wa leso yake ajifute.

Keshoye alifungua kibanda mapema. Alilitandika koti mezani, kiwiko kikiwa juu. Akalitazama. "Haya, ndugu yangu," akasema, "nisamehe." Akatunga uzi, akaanza na lile tundu. Sindano ilipoingia mara ya kwanza alilia, akalia kwa sauti, yule Nekoye ambaye hakulia kaburini, hadi jirani muuza mihogo akaja kuchungulia. Alimpungia mkono aende zake. Alishona huku analia, na mshono haukupinda. Kiwiko kikafungika. Ndipo akakata utepe uliobaki, akaupitisha mgongoni, bega hadi bega.

Nderitu alimpigia simu mchana, akasema steji imekaa kikao: wanataka mikanda ya kung'aa ya kuvalisha abiria. "Lakini wamama watakataa, watauliza ilivaliwa na nani."

"Watakataa, eeh. Waambie waje waniulize mimi."

Jioni Boaz alifika akichechemea, goti limefungwa bandeji. Nekoye alikuwa amevaa koti tayari, kibanda kimefungwa, giza limeanza kushuka Kambi Muru. Badala ya kupanda, akampa mgongo na kuondoka kwa miguu, akapita muuza mihogo, akapita kinyozi, akapita choo cha kulipia, akaenda mpaka mwisho wa njia ambako hakuna hata balbu moja. Akasimama huko, hakugeuka.

"Washa taa!" akaita.

Boaz akawasha taa ya pikipiki. Utepe ukawaka kule mwisho wa njia, bega hadi bega.

"Nakuona, Mama Mourine. Nakuona kabisa."

"Sawa," akasema Nekoye, akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Njoo unichukue basi, mtoto anangoja."