Kasoro Isiyokuwa na Kisanduku

Ofisini walimwita Dada Kasoro. Kazi yake ilikuwa kucheza gemu ambazo hazijatoka na kuandika kila kilichoharibika: mlango usiofunguka, mtu anayezama sakafuni. Mwezi wa pili alifiwa na mama yake. Alirudi kazini siku ya tano, na tangu hapo mambo yakawa yanampita tu, kama magari ya watu wengine.

Mashine mpya ya kuchezea gemu ilipofika, yenye nguvu maradufu ya ile ya zamani, wachoraji walipagawa. Gemu yao ya mbio za pikipiki ilichorwa upya, hadi ukaona matone ya mvua yakitiririka kwenye kofia. Ila uchoraji huo ulikula muda wote. Barabara kumi na nane zikabaki tano, na wapinzani wakawa wanafuatana kama kondoo.

Dada Kasoro aliicheza wiki tatu. Hakusikia chochote moyoni. Akajiuliza: imekufa gemu, au nimekufa mimi?

Jumamosi alikwenda kwa mama yake mdogo, aliyekuwa bado na ile mashine kuukuu. Wakacheza toleo la kwanza la gemu ileile, pikipiki zenyewe kama zimekatwa kwa mkasi. Kwenye kona ya mwisho mama mdogo akamsukumia mtaroni.

“Mama mdogo! Hiyo rafu!” Alijikuta amesimama.

“Lia tu, mwanangu. Mimi huyoo!”

Moyo ulimdunda kama dakika moja hivi. Kisha ukatulia tena.

Jumatatu akaandika kwenye fomu: “Gemu haina raha.” Bosi akamwita.

“Dada, hii si kasoro. Haina hata kisanduku chake.”

“Nimeiweka kwenye mengineyo.”

“Ile mvua umeiona?”

“Nimeiona. Sina hamu ya kuiona tena.”

Bosi akashusha sauti. “Una msiba. Labda ni uchovu.”

“Nilidhani hivyo. Nikajipima. Si mimi.”

Bosi akaufuta ule mstari.

Gemu ikatoka. Watu waliisifia mvua wiki nzima, halafu wakanyamaza kimya. Bosi akaja mwenyewe hadi mezani kwake, akasimama akichezea kalamu.

“Inayofuata utaicheza kabla haijachorwa. Vibonzo vya mistari tu. Ukichoka nayo, useme.”

“Sawa, bosi.”

Wenzake wakampigia makofi. Alitabasamu kwa sababu walikuwa wanamtazama, kisha akawasha mashine.